Shajara ya mradi wa vizibo: namba zilizo pembetatu na mraba kwa pamoja

8 Machi

Leo mradi umeanza rasmi, baada ya kukaa kichwani mwangu tangu mwaka jana. Nataka klabu yetu ya hisabati iandike kijitabu kifupi kinachojibu swali moja: ni namba zipi zinazoweza kupangwa zikawa pembetatu, na zikivurugwa na kupangwa upya zikawa mraba, bila kubaki hata moja? Sharti nililojiwekea ni kwamba kila hatua iwe ya kumshawishi mwanafunzi wa kidato cha pili bila kumtaka aamini kwa sababu tu mwalimu amesema. Tumekubaliana pia kwamba kijitabu kiwe cha Kiswahili. Wanafunzi wangu walijifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakaipokea kwa Kiingereza walipoingia kidato cha kwanza, na nimeona mara nyingi kwamba kanuni huwa wanazikariri vizuri, lakini hoja inayozaa kanuni ndiyo inayowaponyoka njiani.

Vifaa ni mfuko wa vizibo vya soda tuliopewa na mama mwenye duka jirani na shule. Tumevihesabu, ni zaidi ya mia nne, na tumevitenga kwa rangi mbili.

Tumeanza na mambo ya awali. Safu ya kwanza ina kizibo kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu, na jumla zinazopatikana ni 1, 3, 6, 10, 15, 21, 28, 36 na kuendelea. Pembetatu mbili zinazolingana, moja ikigeuzwa na kubanwa na mwenzake, hufanya mstatili wenye safu s na vizibo s + 1 katika kila safu, kwa hiyo pembetatu moja ina vizibo s(s + 1)/2. Baadaye tukabananisha pembetatu mbili zinazofuatana, ya vizibo 10 na ya vizibo 15, ukatokea mraba wa 5 kwa 5. Jambo hili Nicomachus wa Gerasa, mwanahisabati wa Kigiriki, alilieleza miaka 1900 hivi iliyopita: pembetatu yoyote ikijumlishwa na ile iliyoitangulia hutoa mraba. Nililipitia haraka kwa kuwa halina ugumu, nikiwa sijui kwamba tutalihitaji tena kabla ya mwezi kwisha.

15 Machi

Kikao cha leo kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia, na picha tuliyoipata ndiyo itakayobeba kijitabu chote.

Tulichukua pembetatu yenye vizibo 6, yaani safu 3. Pembetatu mbili za namna hiyo hufanya mstatili wa 3 kwa 4. Tukatengeneza mistatili minne, kila mmoja ukiwa na nusu ya rangi moja na nusu ya rangi ya pili ili pembetatu zionekane, tukaweka kizibo kimoja peke yake katikati ya baraza, halafu tukaisogeza mistatili kukizunguka, kila mmoja ukianzia pale mwenzake ulipoishia, mfano wa mapanga ya feni. Nafasi zote zilijaa na mraba wa 7 kwa 7 ukakamilika. Pembetatu 8 za vizibo 6 ni vizibo 48, na kile cha katikati kinafanya 49. Mvulana mmoja alipiga magoti akahesabu pembezoni mwa mraba mara mbili kabla ya kukubali.

Kwa maneno ya jumla, ukiizidisha namba pembetatu kwa 8 na kuongeza 1 utapata mraba, na upande wa mraba huo ni 2s + 1, ambayo daima ni namba witiri. Plutarch aliutaja ukweli huu zamani za Wagiriki. Thamani yake kwetu ni kwamba unakwenda pande zote mbili: namba yoyote ambayo ikizidishwa kwa 8 na kuongezwa 1 inatoa mraba, hiyo ni pembetatu, kwa sababu mraba huo ni witiri, upande wake ni witiri, na kutoka kwenye upande huo tunaisoma idadi ya safu. Kwa hiyo tuna kipimo. Mtu akikuletea 1225, huna haja ya kupanga safu. 8 × 1225 + 1 ni 9801, ambayo ni 99 × 99, basi safu ni 49.

Niliwasimulia pia kuhusu shajara ya mtu mwingine. Tarehe 10 Julai 1796, mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 19, aliandika katika shajara yake mstari mfupi uliofungua kwa neno Eureka, yaani nimepata, na kumalizia kwa alama tatu za pembetatu zilizojumlishwa. Alikuwa amethibitisha kwamba kila namba nzima ni jumla ya namba pembetatu tatu, ikiwa sifuri nayo itahesabiwa kuwa pembetatu. Ukitumia picha yetu ya feni, maana yake ni kwamba namba yoyote ikizidishwa kwa 8 na kuongezwa 3 ni jumla ya miraba mitatu ya namba witiri: 5 ni 3 + 1 + 1, na 43 ni 25 + 9 + 9. Uthibitisho wa Gauss ni mgumu na hatutauingiza katika kijitabu, lakini nilitaka waone kwamba daraja kati ya pembetatu na mraba ambalo wamelijenga barazani ni lile lile alilolipita yeye.

22 Machi

Leo tulianza kusaka. Kundi moja liliandika namba pembetatu 50 za kwanza, kundi jingine likaandika miraba. Ili kuokoa muda tulitazama tarakimu za mwisho: namba pembetatu huishia na 0, 1, 3, 5, 6 au 8, na miraba huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9, kwa hiyo namba tunayoitafuta lazima iishie na 0, 1, 5 au 6. Chujio hili lilionekana dogo, na sikulipa uzito wowote wakati ule. Kati ya namba 50 tulibakiwa na tatu tu: 1, 36 na 1225.

Hoja iliyotusogeza mbele ni hii. Ikiwa upande wa mraba ni u, tunataka s(s + 1) iwe sawa na 2u². Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa hiyo haziwezi kugawana vigawo vya mraba. Moja yao lazima iwe mraba kamili na nyingine iwe mraba mara mbili. Kwa 36, jozi ni 8 na 9, yaani 2 × 4 na 3 × 3. Kwa 1225 ni 49 na 50, yaani 7 × 7 na 2 × 25. Msichana mmoja alitafuta jozi nyingine kwa njia hii bila kuandika pembetatu hata moja, akakuta 288 na 289, yaani 2 × 144 na 17 × 17. Safu 288 zina jumla ya 41616, nayo ni 204 × 204.

Niliposikia 204 ilinibidi nisimamishe kila kitu na kuwaeleza habari ya Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati kutoka India. Mnamo Desemba 1914 jarida moja la London lilichapa fumbo la mtaa mrefu katika mji wa Louvain, Ubelgiji, wenye nyumba zilizopewa namba 1, 2, 3 na kuendelea kwa upande mmoja. Mtu anaishi katika nyumba ambayo jumla ya namba za nyumba zilizoitangulia ni sawa na jumla ya zile zinazoifuata, na nyumba zote zinazidi 50 lakini hazifiki 500. P. C. Mahalanobis, aliyekuwa mwanafunzi Cambridge, alimsomea fumbo hilo Ramanujan, aliyekuwa akikoroga mboga motoni, na Ramanujan akamtajia papo hapo jibu la mitaa yote ya namna hiyo, si wa Louvain peke yake. Jibu la fumbo ni nyumba ya 204 katika mtaa wa nyumba 288.

Kwa nini ni namba zetu? Hapa ndipo kazi ya wiki ya kwanza iliporudi. Nyumba zilizotangulia nyumba u hufanya pembetatu, na nyumba zinazofuata zina jumla hiyo hiyo. Basi mtaa mzima ni pembetatu ya kabla ya u, ikajumlishwa na u mwenyewe, ambayo ni pembetatu inayofuata, halafu ikaongezwa ile ya kwanza tena. Pembetatu mbili zinazofuatana hutoa u². Mtaa mzima, ambao nao ni pembetatu, ni mraba. Mtaa mfupi wa nyumba 8 unaonyesha jambo hilo kwa uwazi: 1 + 2 + 3 + 4 + 5 ni 15, na 7 + 8 ni 15, na nyumba ya 6 iko katikati yao.

29 Machi

Tumepata ngazi. Tukiuita upande wa mraba wa feni w, yaani 2s + 1, basi sharti letu linakuwa w² = 8u² + 1. Jozi ndogo kabisa ni w = 3 na u = 1. Kutoka jozi yoyote, unapanda kidato kwa kuchukua 3w + 8u kuwa w mpya, na w + 3u kuwa u mpya. Wanafunzi walifungua mabano ubaoni wakaona kwamba vipande vya 48wu vinafutana na kilichobaki ni w² − 8u² ile ile ya mwanzo, kwa hiyo sharti halivunjiki. Mbinu ya kuzaa jozi mpya kwa kuunganisha jozi za zamani ilielezwa na Brahmagupta huko India mwaka 628, zaidi ya miaka elfu moja kabla mwanahisabati Mswisi Euler hajaupa mlinganyo huo, kwa makosa, jina la John Pell.

Tulipanda: w = 3, 17, 99, 577, 3363; u = 1, 6, 35, 204, 1189; namba zenyewe ni 1, 36, 1225, 41616, 1413721. Nikasema mbele ya darasa kwamba hizo ndizo namba zote, na kwamba ngazi inaendelea bila mwisho.

Msichana yule yule wa 288 akanyoosha mkono. “Mwalimu, ngazi inaonyesha kwamba hizi ni sahihi. Lakini tutajuaje kwamba kati ya kidato na kidato hakuna nyingine iliyorukwa?”

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nimethibitisha ni kwamba kila kidato ni halali. Kwamba hakuna kitu nje ya ngazi nilikuwa nimekichukulia tu kuwa kweli kwa sababu kinapendeza. Nimemwambia hivyo, na nimeahidi jibu baada ya wiki mbili.

2 Aprili

Kabla ya kutafuta uthibitisho nimeona nipime kwanza. Nimeandika programu fupi kwenye kompyuta yangu inayopita safu moja baada ya nyingine, inakokotoa pembetatu, inatafuta kipeuo chake cha pili, na ikiona kipeuo ni namba nzima inakichapa. Nimeiagiza ifike safu milioni 200.

Namba zilitoka kama ngazi ilivyotabiri. Safu 1, 8, 49, 288, 1681, 9800, 57121, 332928, 1940449, 11309768, 65918161. Kila moja ni takriban mara 5.83 ya iliyoitangulia, kwa hiyo baada ya hapo nilitarajia ukimya mrefu hadi karibu na milioni 384. Programu ikachapa ya 12: safu 120526554, upande 85225144.

Nimekaa mbele ya kioo kwa muda nisioujua. Uwiano haukuwa 5.83 bali 1.83. Ikiwa namba hii ni ya kweli, basi swali la msichana lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwamba ndiyo, iko iliyorukwa, na ngazi yote niliyowafundisha ina pengo.

3 Aprili

Kosa limeonekana asubuhi, kwa kalamu na karatasi, na limeonekana kupitia lile chujio dogo la tarakimu za mwisho.

Safu 120526554 zina jumla ya 60263277 × 120526555. Zao la namba inayoishia na 7 na namba inayoishia na 5 huishia na 5. Lakini upande uliotajwa unaishia na 4, na mraba wake lazima uishie na 6. Haziwezi kuwa namba moja. Nilipokokotoa zote mbili kikamilifu nilikuta tofauti yao ni 1 barabara: pembetatu imepungukiwa kizibo kimoja kuwa mraba.

Sababu iko katika namna kompyuta inavyohifadhi namba zenye nukta. Kipeuo halisi ni 85225143 na nukta, kisha tarakimu za 9 nane mfululizo, ndipo inakuja 4. Nafasi ambayo programu yangu iliitumia kuhifadhi namba haitoshi kutofautisha kipeuo hicho na 85225144, kwa hiyo kikazungushwa kuwa namba nzima na programu ikaridhika. Nimeibadilisha ili itumie kipeuo cha namba nzima pekee, kisha izidishe kurudi nyuma na kulinganisha. Sasa inatoa namba 11 na kunyamaza hadi milioni 200.

Nimeliandika tukio hili kwa urefu kwa sababu litaingia katika kijitabu kama lilivyo. Hata programu iliyosahihishwa haijibu swali. Inasema tu kwamba hakuna iliyorukwa hadi hapo ilipofika.

9 Aprili

Uthibitisho umepatikana, na ni mfupi kuliko nilivyoogopa. Nilikuwa nimeng’ang’ania kupanda, wakati njia ilikuwa kushuka.

Chukua jozi yoyote ya w na u inayotimiza sharti, popote ilipotoka, iwe ndani ya ngazi au nje yake, na u iwe kubwa kuliko 1. Shuka kidato kimoja: u mpya ni 3u − w, na w mpya ni 3w − 8u. Kama ilivyokuwa wakati wa kupanda, mabano yakifunguliwa sharti linabaki, na w mpya ni witiri kwa kuwa 3w ni witiri na 8u ni shufwa. Yamebaki mambo mawili ya kuhakikisha. La kwanza, u mpya si sifuri wala hasi: w² ni 8u² + 1, ambayo ni ndogo kuliko 9u² maadamu u inazidi 1, kwa hiyo w ni ndogo kuliko 3u. La pili, u mpya ni ndogo kuliko u ya zamani: w² inazidi 4u², kwa hiyo w inazidi 2u, na 3u − w haifikii u. Kuhusu w mpya, 9w² ni 72u² + 9, ambayo inazidi 64u², kwa hiyo nayo haiwi hasi.

Basi kila hatua inampeleka mtu kwenye jozi ndogo zaidi ya namba nzima zilizo chanya, na namba nzima chanya haziwezi kupungua milele. Kushuka kunaweza kusimama mahali pamoja tu, pale u inapokuwa 1, na hapo w ni 3. Kwa kuwa kila hatua ya kushuka inafutwa na hatua moja ya kupanda, jozi tuliyoanza nayo inapatikana kwa kupanda kutoka 3 na 1. Hakuna jozi nje ya ngazi, na hakuna namba iliyorukwa.

Mwaka 1778 Euler alitoa kanuni inayofika kidato chochote moja kwa moja, kwa kutumia 3 + 2√2 na vipeo vyake. Nimeamua isiingie katika kijitabu. Mwanafunzi aliyeelewa kushuka ataifikia mwenyewe atakapokuwa tayari, na asiyeelewa haitamsaidia.

12 Aprili

Nimemrudishia msichana swali lake na kumpa chaki. Alichagua kuanza na w = 19601 na u = 6930, ambayo sikuwa nimewaonyesha bali aliipata nyumbani kwa kupanda, akashuka ubaoni mbele ya wenzake: 1189, 204, 35, 6, 1. Kisha akauliza kama ile namba ya uongo ya kompyuta nayo inaweza kushushwa.

Sikuwa nimejaribu. Tuliigawa klabu katika makundi matatu ili kukagua mahesabu, tukaanza na w = 241053109 na u = 85225144. Sharti lake ni tofauti, kwa sababu w² imepungua kuliko 8u² kwa 7, lakini kushuka hakubadilishi upungufu huo. Upande wa kwanza kupatikana ulikuwa 14622323, ukafuatiwa na 2508794, kisha 430441, na makundi yote yakaafikiana. Baada ya hatua 10 tukafika w = 5 na u = 2: pembetatu ya vizibo 3, ambayo ukiiongezea kimoja inakuwa mraba wa vizibo 4.

Namba ile ilikuwa na ngazi yake. Kidato kinachofuata 3 ni 120, kilichopungukiwa kimoja kufikia 121, kisha 4095, kilichopungukiwa kimoja kufikia 4096. Mvulana wa mapanga ya feni akasema kwamba 15 na 528 nazo zimepungukiwa kizibo kimoja na hazimo katika ngazi hiyo. Ni kweli: 16 ni mraba, na 529 ni 23 × 23. Kwa hiyo pembetatu zilizopungukiwa kizibo kimoja zina ngazi zaidi ya moja. Jumamosi ijayo tutaanza kwa kuuliza ni ngapi, na kwa kuthibitisha kwamba hakuna nyingine.